UZI: Kingda Ka waliiangusha kwa baruti, na huko Uarabuni wameshajenga ya juu zaidi. Mbio hizi za rolakosta zinaishia wapi?

#1 Mpiga_Kasia

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye kahawa avute kigoda. Mods, naomba msiuhamishie jukwaa la vichekesho kama mlivyofanya ule wa kwanza.

Niko Cleveland, Ohio, mwaka wa tisa sasa. Ukiendesha kama saa moja kuelekea magharibi, kandokando ya Ziwa Erie, unafika mji mdogo wa Sandusky, na hapo ndipo kilipo kiwanja cha michezo cha Cedar Point. Kiwanja hicho ndicho kilichonitia ugonjwa wa rolakosta, zile treni za kuchezea zinazopandishwa juu kama ghorofa kisha zinaachiwa. Mara ya kwanza nilipelekwa na wafanyakazi wenzangu, mimi nikidhani ni bembea za watoto. Nilishuka nimeshika chuma kwa mikono miwili kama abiria wa boti ya Zanzibar msimu wa kusi.

Sasa kuna msiba sijawahi kuuongelea humu. Tarehe 28 Februari 2025, asubuhi, huko Jackson, New Jersey, walitega baruti kwenye miguu ya Kingda Ka wakaiangusha. Mita 139. Ilifunguliwa Mei 2005, na kwa karibu miaka ishirini hapakuwa na rolakosta ya juu kuliko hiyo duniani. Ilikuwa inakufyatua kutoka sifuri hadi kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde 3.5, unapanda wima, unapita kileleni, unashuka huku reli inakuzungusha, unakuta breki. Nusu dakika haifiki. Video ya kuanguka kwake nimeitazama mara nne, na kila mara nasema moyoni kwamba urefu ule ule uliowaleta watu ndio uliomuua marehemu.

Msinibishie bado. Pale Cedar Point kuna dada wawili, tumbo moja, mtengenezaji mmoja, Intamin.

Mkubwa ni Millennium Force, wa mwaka 2000. Mita 94, kilomita 150 kwa saa, reli ya kilomita mbili, safari ya dakika mbili na kidogo. Alijengwa kwa dola milioni 25.

Mdogo alikuja 2003, Top Thrill Dragster. Mita 128, kilomita 193 kwa saa, reli haifiki mita 900, safari sekunde 17. Naye alijengwa kwa dola milioni 25.

Dada mkubwa mpaka leo yuko kazini na foleni yake ukiikuta ya nusu saa unashukuru. Dada mdogo, yule twiga, Agosti 2021 kipande cha chuma kilichomoka kwenye treni kikampiga kichwani mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni, akaumia vibaya sana. Hakufunguliwa tena kwa sura ile. Wakamrekebisha, wakambadilisha injini, wakampa jina Top Thrill 2, wakamfungua Mei 2024. Alikimbia siku chache tu, magurudumu ya treni yakaleta shida, akafungwa msimu mzima. Alirudi 2025.

Wenye maduka humu mnisaidie: pesa ni ile ile, ipi imelipa?

#2 Chapati_Mbili

Sekunde 17? Foleni nipange saa mbili? Hata daladala ya Mbagala haijawahi kunitendea unyama huo.

#3 Mpiga_Kasia

@Chapati_Mbili na kuna siku unapata nyongeza. Treni ikifyatuliwa na nguvu pungufu kidogo, labda upepo umebadilika au injini imepoa, inapanda mpaka karibu na kilele, inasita, halafu inarudi kinyumenyume ule ukuta wote. Wageni wanapiga yowe la kuaga dunia. Wazoefu wanashangilia, maana wanajua mapezi ya breki yameshainuka huko chini, treni itatulia polepole, na kwa kuwa hujamaliza safari unafyatuliwa tena bila kupanga foleni. Mimi nilikwenda miaka mitatu mfululizo kuomba linipate. Halikunipata.

#4 Mzee_Kigoda

Vijana, hivi huu wazimu ulianza lini? Enzi zetu tukitaka kuporomoka tulikalia kuti la mnazi tukatafuta mteremko.

#5 Mpiga_Kasia

@Mzee_Kigoda shikamoo mzee. Kuti lako na wao ni ndugu. Warusi walikuwa wanajenga vilima vya mbao, wanamwagia maji yagande barafu, wanaserereka. Mpaka leo Wafaransa wanaziita milima ya Kirusi. Warusi wenyewe wanaziita milima ya Kimarekani, kila mtu anamsukumia mwenzake.

Ya biashara huku Marekani ilishika kasi Coney Island, New York, mwaka 1884, bwana mmoja LaMarcus Thompson, senti tano kwa mtu. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita kumi kwa saa. Baiskeli ya muuza maziwa ingeipita.

Mbio za urefu zenyewe, hizi za kukatana koo, nazihesabu kuanzia 1989, hapo hapo Cedar Point. Walijenga Magnum XL-200, mita 62, ya kwanza ya mzunguko kamili kuvuka futi 200. Zingatieni hiyo futi, maana ndiyo mchawi wa hadithi nzima. Mmarekani anapima kwa futi, na futi 200 inavutia kwenye bango. Ikaja 300, ikaja 400. Kila mia wakaibatiza jina: haipa, giga, strata. Laiti wangekuwa wanatumia mita, Millennium Force yenye futi 310 ingekuwa mita 94 tu, na hakuna mtu anachapisha bango la "94".

#6 Mzee_Kigoda

Marahaba. Endelea, nakusikiliza.

#7 FundiLifti

Naomba nichomekee kidogo, mimi ni fundi wa lifti, chuma na winchi ndiyo mkate wangu.

Ile ya zamani, kama Magnum, treni inavutwa juu kwa mnyororo. Taratibu, tak tak tak, ile sauti ni meno ya usalama yanayozuia isirudi. Ukitaka kwenda juu sana, mnyororo unakuwa mzito, sehemu kubwa ya nguvu inaishia kuubeba wenyewe. Ndiyo maana Millennium Force inavutwa kwa kamba ya chuma, kama lifti. Hapo nilimpenda aliyeibuni.

Dragster na Kingda Ka ni kitu kingine kabisa. Mafuta yanabanwa na gesi ya nitrojeni kwenye mitungi, yakifunguliwa yanapita kwenye mota nyingi kwa pamoja, mota zinazungusha ngoma moja kubwa, ngoma inavuta kamba, kamba inavuta kigari kilichoshika treni. Yote hayo kwa sekunde tatu nne, halafu kigari kinapigwa breki, kinarudi, mnaanza upya. Siku nzima. Lifti yangu ya ghorofa 20 ikienda mita mbili na nusu kwa sekunde naikagua kila mwezi. Huyu anavuta treni iliyojaa watu mpaka mita 57 kwa sekunde! Boliti, kamba, sili, vyote vinaliwa.

Na hesabu haina huruma. Kimo ukikiongeza mara mbili, kasi haiongezeki mara mbili, inaongezeka kama mara 1.4. Lakini ile kona ya chini, pale treni inapotoka wima kuja mlalo, ili abiria asikandamizwe zaidi ya kawaida lazima nusu kipenyo chake kiongezeke mara mbili kamili. Maana yake chuma zaidi, msingi zaidi, ardhi zaidi. Bei inapanda kuliko raha inavyopanda. Kwa hiyo ukitaka rekodi na huna pesa wala eneo, unafanya walichofanya wao: unajenga mnara peke yake, unapanda na kushuka, kwaheri. Sekunde 17 ndizo zilizobaki mfukoni.

#8 Chapati_Mbili

Fundi umetisha. Nimeelewa mpaka kona.

#9 Mpiga_Kasia

@FundiLifti nyama ya ulimi. Na umenikumbusha: Kingda Ka ilifunguliwa Mei 2005, Juni boliti ikakatika kwenye mfumo wa kufyatulia, ikafungwa mpaka Agosti. Mei 2009 ikapigwa radi, ikafungwa tena mpaka Agosti. Mvua ndogo tu, imefungwa. Wenzangu wawili waliendesha kutoka hapa mpaka New Jersey, saa nane barabarani, wakaishia kuitazama kwa chini wanakula soseji.

#10 Mlinzi_wa_Yas

Naona hapa ni kuponda tu, acheni nitetee. Mimi niko Abu Dhabi, kazi yangu ni ulinzi, na nimeipanda Formula Rossa pale Ferrari World kisiwani Yas. Ilifunguliwa Novemba 2010, kilomita 240 kwa saa, unafika huko kwa sekunde tano hivi. Si ya juu, mita 52 tu. Unapewa miwani kama ya kuogelea kwa sababu ya mchanga na wadudu. Mchanga wa jangwa kwa mwendo ule si mchanga tena, ni pilipili.

Nilikusanya pesa miezi miwili kwenda hapo. Kwa nini pale na si viwanja vingine? Kwa sababu ilikuwa YA KWANZA DUNIANI kwa kasi. Kingekuwa cha nne duniani mimi ningekaa kambini nitazame mpira. Mnachoita ugonjwa ndicho kilichonitoa kitandani. Na teknolojia ingesonga vipi kama kila mtu angetosheka na mnyororo wa 1989?

#11 Mpiga_Kasia

@Mlinzi_wa_Yas kaka, hapo umenipata na sikatai. Bango la rekodi linaleta mtu mara ya kwanza. Swali langu ni nani anamrudisha mara ya pili.

Chukua hii. Millennium Force ilifunguliwa Mei 2000 ikiwa bingwa wa dunia. Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, Nagashima, Japani, wakafungua Steel Dragon 2000, mita 97. Mita tatu! Ubingwa wa Millennium Force haukumaliza hata miezi mitatu, na foleni yake ipo mpaka kesho. Waliomnyang'anya walitumia zaidi ya dola milioni 50, kwa sababu nchi ya matetemeko inataka chuma kingi zaidi. Mwaka 2003 gurudumu likachomoka, likamjeruhi mtu aliyekuwa kwenye bwawa la kuogelea, Steel Dragon ikafungwa mpaka 2006.

Halafu kuna michezo ya tepu. Blackpool, Uingereza, 1994, walitangaza rolakosta yao ni futi 235. Ukipima kutoka ardhini ni 213. Zile nyingine walihesabu kutoka usawa wa bahari! Kwa hesabu hiyo kibanda cha shangazi yangu kule Makete ni jengo refu kuliko yote Dar.

#12 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mimi si wa mambo haya ila niko zamu na wodi imetulia, niongeze la upande wetu.

Mwili hausikii mwendo. Ndege ya kwenda Mwanza inakwenda mamia ya kilomita kwa saa na watu wanakoroma. Wala urefu hausikii, macho ndiyo yanaona urefu. Mwili unasikia mabadiliko: kuanza ghafla, kusimama ghafla, kona. Hapo ndipo damu na shingo vinapopata kazi.

Mwaka 1895 pale pale Coney Island walijenga rolakosta yenye duara kamili la kupindua watu kichwa chini, Flip Flap. Duara kamili linaingiwa kwa ghafla, shingo zikawa zinaumia, haikudumu. Mpaka 1976 ndipo Mjerumani Werner Stengel alipotumia umbo la tone la maji, pana chini na jembamba juu, na watu wakaweza kupinduliwa bila kwenda hospitali.

Sasa angalieni Do-Dodonpa ya Fuji-Q, Japani. Hii haikutafuta urefu, ilitafuta kuanza haraka kuliko zote: kutoka sifuri hadi kilomita 180 kwa saa kwa sekunde 1.56. Abiria kadhaa wakaripoti kuvunjika mifupa, shingo na mgongo. Agosti 2021 ikasimamishwa, haikurudi, na 2024 wakatangaza kuifuta kabisa. Mifupa ya binadamu haijatolewa toleo jipya.

#13 Chapati_Mbili

"Haijatolewa toleo jipya" 😂😂 Dada nesi nikija kuchomwa sindano naomba iwe zamu yako.

#14 Mlinzi_wa_Yas

Hizo ni ajali, na ajali zipo hata kwenye ngazi za nyumbani. Takwimu zenyewe za viwanja hivi ni salama kuliko barabara tunazopita kila siku.

#15 Mpiga_Kasia

Ni kweli, barabara ni hatari zaidi, na mimi mwenyewe napanda bila hofu. Ila kuna ajali, na kuna rekodi iliyoitafuta ajali kwa tochi. Naomba niweke utani pembeni kwa aya moja.

Kansas City, Julai 2014, walifungua maporomoko ya maji ya kuchezea yaitwayo Verrückt. Kijerumani, maana yake kichaa. Mita 51, ya juu kuliko yote duniani. Watu watatu kwenye boti ya mpira, mnaporomoka, mnapanda kilima cha pili, mnashuka. Kwenye majaribio boti zenye mifuko ya mchanga zilikuwa zinaruka hewani pale kwenye kilima cha pili. Wakabomoa, wakajenga tena, wakafunga wavu juu. Agosti 2016 boti iliruka na mtoto wa miaka kumi akafa. Hati ya mashtaka iliyofuata ilidai aliyeongoza ubunifu hakuwa na elimu ya uhandisi. Kesi ilifutwa 2019. Maporomoko yenyewe yalibomolewa 2018. Mnaokumbuka vile vitelezi vya maji vya Kunduchi tulivyokuwa tunagombania tukiwa wadogo, hebu fikirieni kitu hicho kikipandishwa mpaka mita 51 kwa sababu tu mwingine ana 50.

#16 FundiLifti

Hapo kwenye "kubomoa na kujenga tena" fundi yeyote anatoka jasho. Jaribio likikataa mara ya kwanza unarudi kwenye hesabu, hurudi kwenye wavu.

Halafu mbao. Kuna hawa wa Kings Island, Ohio kwenu huko, walijenga Son of Beast 2000, rolakosta ya mbao ya mita 66 tena yenye duara la kupindua. Mbao! Mbao inacheza, inameza maji, inakauka. Mwaka 2006 watu 27 walijeruhiwa kwa mpigo mmoja. Duara likaondolewa, 2009 ikafungwa, 2012 ikavunjwa. Mbao ya mita 26 pale Coney Island, Cyclone, imesimama tangu 1927.

#17 Mpiga_Kasia

Fundi, asante kwa Cyclone, nilikuwa naitunza kwa ajili ya mwisho ukaninyang'anya.

Kwa uadilifu niseme pia kwamba hata zile ambazo hazishikilii rekodi ya dunia zinataka jicho. Fury 325 ya Carowinds, mita 99, Juni 2023 nguzo yake ilikutwa imepasuka, na aliyeiona alikuwa mgeni tu na simu yake. Alirekodi treni ikipita na nguzo ikiachana pale juu. Walibadilisha nguzo, Agosti ikafunguliwa. Niliitazama ile video nikiwa kazini, nikashika meza.

#18 Wa_Nyeri_Riyadh

Hamjambo wadau. Nimewasoma kutoka juu kimyakimya, sasa wacha niongee kwa sababu hiyo ya Uarabuni mliyoweka kwa kichwa cha uzi iko karibu na mimi.

Mimi ni dereva wa familia hapa Riyadh. Kiwanja cha Six Flags hapa Qiddiya kilifunguliwa siku ya mwisho ya Desemba 2025, na hiyo rolakosta inaitwa Falcon's Flight. Mita 195 wakihesabu na lile jabali la Tuwaiq, kilomita 250 kwa saa, reli zaidi ya kilomita nne. Kwa hivyo imechukua zote tatu kwa mpigo: urefu wa kwenda juu, urefu wa reli, na mwendo wa ndugu yetu wa Abu Dhabi, pole sana. Na hakuna mafuta wala ngoma, ni sumaku za umeme zinasukuma.

Jabali lenyewe ndilo janja yao. Wamepitisha reli juu ya mlima halafu inashuka ukingoni. Sehemu kubwa ya ile mita Mungu ndiye alijenga.

#19 FundiLifti

Jabali! Hapo nawavulia kofia. Msingi bure. Na reli ya kilomita nne ina maana hawakuishia kwenye mnara mtupu, safari ipo. Sumaku nazo hazina kamba ya kukatika.

#20 Mlinzi_wa_Yas

Miaka kumi na tano tulikuwa nayo. Sawa. Mimi nimeshapanda, hawawezi kuniondolea.

#21 Mpiga_Kasia

@Wa_Nyeri_Riyadh ndugu, umeipanda? Tusimulie, tumekaa.

#22 Wa_Nyeri_Riyadh

Sijapanda. Nilipeleka watoto wa bosi, wao wakaingia na mama yao, mimi nikabaki kwa gari. Lakini mahali nilipaki nilikuwa naiona ikipita juu ya jabali. Kwanza unaona treni, sauti inakuja baadaye kidogo, halafu zile kelele za watu zinakuja nyuma ya sauti. Nilihesabu treni kumi na nne nikiwa na chai yangu.

Watoto walirudi jioni. Mdogo alikuwa amelala begani. Mkubwa, miaka kumi na tatu, alikaa mbele na mimi, kimya mpaka tukafika barabara kuu. Halafu akaniuliza, kwenu kuna kitu kirefu kama hiki? Nikamwambia kwetu kuna Mlima Kenya, mita 5,199, na hakuna foleni. Akanyamaza tena. Nilijisikia mkubwa sana.

#23 Mpiga_Kasia

Kilimanjaro 5,895. Mwambie huyo mtoto tafadhali.